Risasi ya mwaka 1912 au magnamu mpya? Hesabu ya mwindaji mbele ya nyati

Nusu karne imepita tangu milio ya bunduki kubwa isikike Bugesera, kusini mwa Kigali, ikiwaua tembo waliogombea ardhi na wakulima. Rwanda ya leo haina msimu wa uwindaji wala vitalu vya wawindaji. Nchini Tanzania, hata hivyo, uwindaji wa kitalii ni shughuli halali inayosimamiwa na serikali, na kambini huko swali la kale lingali linaulizwa kila mwaka: je, mtu aende porini na risasi iliyobuniwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, au na ile iliyotoka kiwandani juzi?

Anayepanda kutoka Rwandex hadi Sonatubes, wilayani Kicukiro, hukuta njia ikigawanyika. Upande mmoja ni barabara ya uwanja wa ndege wa Kanombe, ambayo huendelea mashariki hadi Rwamagana na Kayonza, na mwishowe hadi Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Upande mwingine ni barabara ya Kicukiro, Nyanza na Gahanga, inayovuka mto na kuingia Bugesera. Makutano hayo yalipewa jina na kiwanda cha mabomba, na wengi wanaopita hapo asubuhi huwaza foleni ya magari tu. Hata hivyo, njia hizo mbili zinaunganishwa na kisa kimoja cha wanyama.

Mwaka 1975 serikali iliamua kwamba tembo wa Bugesera hawawezi tena kuishi pamoja na wakulima waliokuwa wakihamia eneo hilo kwa wingi. Tembo wadogo 26 walikamatwa na kupelekwa Akagera. Wakubwa, ambao kwa nyenzo za wakati ule hawakuweza kubebwa, walipigwa risasi. Wale wadogo ndio chanzo cha kundi la tembo zaidi ya 100 linaloonekana Akagera leo. Mmoja wao alikuwa Mutware, dume aliyejulikana kwa kuyashambulia magari ya wageni, ambaye alikufa mwaka 2018.

Kwa wakazi wa Kicukiro, Sonatubes ina kumbukumbu nyingine, nzito kuliko hiyo. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wamekimbilia shule ya ETO walizuiliwa hapo baada ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa kuondoka, kisha wakapelekwa Nyanza na kuuawa. Katika nchi yenye historia hiyo, bunduki mikononi mwa raia haiwezi kuwa jambo la mchezo, na sheria ya silaha ya mwaka 2018 inalisimamia kwa ukali.

Kwa hiyo suala la risasi za kuwindia si la Mnyarwanda anayetafuta ya kununua. Ni la anayetaka kuelewa kazi ya ndugu yake aliyeajiriwa kufuata nyayo katika kambi ya Tanzania, au ya askari wa wanyamapori anayesimama kati ya kijiji na nyati aliyejeruhiwa.

Jina lililotoka kwenye chupa

Katika mazungumzo ya kila siku neno risasi hutaja vitu viwili: kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki, na kile kipande kinachoruka kumfuata mnyama. Ili kuepuka utata, hapa risasi ni kitu kizima: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyo kwenye kitako chake, baruti iliyo ndani, na kichwa kilicho mbele. Kichwa ndicho kinachoruka. Ganda hubaki.

Magnamu ni neno la Kilatini lenye maana ya kubwa. Watengenezaji bunduki wa Uingereza waliliazima kwa wauza mvinyo, ambao waliliita hivyo chupa lenye ujazo wa chupa mbili za kawaida. Maana yake kwa mwindaji ni hiyo hiyo: ganda lenye baruti nyingi kuliko ilivyozoeleka kwa kichwa cha unene ule. Hakuna kipimo rasmi kinachosema magnamu huanzia wapi. Ni jina la biashara tangu mwanzo, na msomaji asishangae akikuta risasi mbili zenye nguvu sawa, moja ikiitwa magnamu na nyingine isiitwe.

Tarakimu kama .375 au .416 hueleza unene wa kichwa kwa sehemu za inchi. Risasi ya .375 ina kichwa cha milimita 9.5. Ile ya .416 ina milimita 10.6, na ya .458 ina milimita 11.6. Tofauti hizi ni ndogo kwa macho, lakini mbele ya nyati dume mwenye uzito wa kilo 700 au zaidi, zinabeba maana kubwa.

London, 1912

Kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi yake ya .375 H&H Magnum mwaka 1912. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 19.4 na huondoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Hesabu ya fizikia hutoa nguvu ya karibu jouli 5,800. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni ya John Rigby ilikuwa imetoa .416 Rigby, yenye kichwa cha gramu 26 kwa kasi ya mita 720 kwa sekunde hivi. Na kabla ya zote mbili, mwanzoni mwa karne, W. J. Jeffery alikuwa ametoa .404, ambayo baadaye idara za wanyamapori za Kenya na Tanganyika ziliwapa askari wao waliotumwa kuwadhibiti tembo waharibifu wa mashamba.

Upande wa Wajerumani, waliotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi hadi mwaka 1916, fundi wa Berlin aitwaye Otto Bock alibuni mwaka 1905 risasi ya 9.3x62 kwa ajili ya walowezi wa Afrika. Hiyo haikuitwa magnamu. Ilikuwa ya bei nafuu na iliingia katika bunduki ya kawaida ya Mauser bila kuhitaji matengenezo makubwa. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba ndiyo iliyo na busara kuliko zote za zama zile, na si rahisi kuwapinga.

Umbo la risasi hizi za kale lina sababu zake. Baruti ya Waingereza iliyoitwa kordaiti ilikuwa na umbo la nyuzi ndefu, mfano wa tambi. Ilikuwa rahisi zaidi kuzitia nyuzi hizo ndani ya ganda lililonyooka au lenye mabega yanayoteremka taratibu, ndiyo maana ganda la .375 H&H limechongoka kama mshumaa. Kordaiti ilikuwa na tabia nyingine: iliathirika sana na joto. Risasi iliyofanya kazi vizuri Scotland mwezi wa Desemba ilizidisha shinikizo ikikaa juani Tabora. Ganda lilivimba na kung'ang'ania ndani ya bunduki, na mwindaji akabaki akilivuta komeo huku mnyama akimjia. Mafundi wa London walilijibu tatizo hilo kwa kuongeza nafasi. Ganda la .416 Rigby ni kubwa kuliko inavyohitajika, kwa makusudi, ili shinikizo libaki chini hata katika joto kali.

Kisha kuna ukanda. Karibu na kitako cha .375 H&H kuna pete ya shaba iliyonenepa, na wengi hudhani imewekwa ili ganda liwe imara. Sivyo. Kwa kuwa mabega yake yanateremka mno, ganda halikuwa na mahali pazuri pa kuegemea ndani ya chumba cha risasi. Ukanda ndio unaolizuia lisizame kupita kiasi. Miaka mingi baadaye, viwanda vya Marekani vilitengeneza magnamu zenye mabega makali, ambazo hazikuhitaji ukanda wowote, na bado vikauweka. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuamini kwamba magnamu bila ukanda si magnamu.

Winchester na kosa la ganda fupi

Bunduki ya .375 H&H ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni bei. Risasi yake ina urefu wa milimita 91, na ile ya Rigby ina 95, ilhali bunduki nyingi za komeo zimeundwa kwa risasi za milimita 85. Kwa hiyo ilihitajika bunduki ndefu ya pekee, na bunduki ya pekee ni ya tajiri. Kampuni ya Winchester ya Marekani ilipunguza tatizo hilo mwaka 1937 ilipoanza kuuza bunduki yake ya Model 70 kwa .375 H&H. Mwaka 1956 ikachukua hatua iliyobadilisha uwindaji wa Afrika: ilitoa .458 Winchester Magnum, risasi yenye kichwa cha gramu 32.4 lakini fupi ya kutosha kuingia katika bunduki ya kawaida.

Ahadi ilikuwa nzito. Mwindaji angepata nguvu ya bunduki za Kiingereza za mitutu miwili, ambazo bei yake ni kama ya nyumba, kwa bei ya bunduki ya kiwandani. Wawindaji mabingwa na idara za wanyamapori waliipokea kwa mikono miwili.

Lakini ganda lilikuwa fupi mno kwa kazi lililopewa. Ili baruti itoshe, kiwanda kililazimika kuishindilia kwa nguvu chini ya kichwa. Baruti iliyoshindiliwa, ikikaa miaka kadhaa katika joto, iliweza kugandamana ikawa kama bonge, na bonge haliungui sawasawa. Kiwanda kilitangaza kasi ya mita 650 kwa sekunde. Risasi nyingi zilipopimwa hazikufika hata 610. Vichwa vilivyopaswa kupenya fuvu la tembo viliishia njiani. Kasoro hii ilijulikana kwa uchungu hasa katika kazi za kupunguza tembo, ambako mtu mmoja alipiga risasi nyingi kwa siku na hakuwa na nafasi ya kubahatisha.

Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959 akiwa na bunduki ya .458 Winchester. Alipona, na jambo hilo halikumtoka akilini. Mwaka 1971 alichukua ganda refu la .375 H&H, la mwaka 1912, akalipanua mdomo na kulitia kichwa kile kile cha gramu 32.4. Kasi ilipanda hadi mita 700 kwa sekunde, na nguvu ikakaribia jouli 8,000. Risasi ya .458 Lott ilibaki kazi ya mafundi wa mikono hadi mwaka 2002, kampuni ya Hornady ilipoanza kuitengeneza kiwandani. Ina faida moja inayopendwa sana porini: bunduki yake hupiga pia .458 Winchester ya kawaida, mtu akiishiwa.

Winchester walirekebisha baruti yao baadaye, na .458 ya leo si ile ya miaka ya 1960. Sifa mbaya, hata hivyo, huishi muda mrefu kuliko kosa lenyewe.

Mapya yaliyojengwa juu ya ya kale

Mwaka 1988 kampuni ya Remington ilitoa .416 yake, yenye nguvu sawa na ile ya Rigby katika ganda jembamba zaidi. Nguvu sawa katika nafasi ndogo haiji bure: shinikizo lake la juu kabisa linazidi la Rigby kwa takriban robo. Wapenzi wa Rigby wamekuwa wakilitaja joto la Afrika tangu siku hiyo. Hoja yao ilikuwa na uzito zaidi zamani. Baruti za kisasa hazibadiliki sana kati ya asubuhi ya baridi na adhuhuri ya jua kali, na risasi isiyoachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser haina sababu ya kukwama.

Kati ya mwaka 1999 na 2001 zikaja magnamu nene zisizo na ukanda: zile ndefu za Remington zilizoitwa Ultra, na zile fupi za Winchester. Matangazo yalizieleza kuwa mapinduzi. Aliyezipima kwa makini aliona kwamba magamba yake yametokana na .404 Jeffery, risasi ya askari wa wanyamapori wa Tanganyika, iliyokatwa, ikanyooshwa ubavu na kupewa mabega makali.

Mshindani wa kweli wa mzee wa 1912 alizaliwa mwaka 2007. Hornady na Ruger waliunda .375 Ruger kwa wazo rahisi: ondoa ukanda, na ulifanye ganda lote kuwa nene kama ukanda ulivyokuwa. Nafasi iliyopatikana inaruhusu risasi ya milimita 85 kubeba baruti ya kutosha kuishinda .375 H&H kwa kasi kidogo, yaani mita 810 kwa sekunde kwa kichwa kile kile cha gramu 19.4. Tofauti ya urefu kati ya hizo mbili ni chini ya milimita saba. Faida yake si ya hesabu tu. Mtu anayeogopa hulivuta komeo nusu, na komeo lisilofika mwisho haliokoti risasi ya pili. Bunduki fupi humpunguzia nafasi ya kukosea.

Ganda hilo hilo la Ruger ndilo lililozaa .300 PRC ya mwaka 2018, yenye kichwa chembamba kirefu kilichokusudiwa kufika mbali sana. Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Risasi za aina hiyo zimetengenezwa kwa milima na nyanda za wazi, ambako mnyama yuko mita 400 au zaidi. Nyati hupigwa karibu, mara nyingi kwa umbali usiozidi mita 80, kati ya vichaka. Kwa umbali huo, kunyooka kwa njia ya kichwa hakumsaidii mtu, na kasi kubwa ya kichwa chepesi inaweza kuwa hasara: hupasuka juu ya bega na kuacha jeraha la nyama lisiloua.

Mapinduzi yalikuwa kwenye kichwa

Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler aliwinda mnyama mkubwa wa kaskazini aitwaye musi, huko British Columbia, akitumia .300 H&H. Mnyama alikuwa amejigaragaza matopeni, na vichwa vya risasi vilivunjika juu ya ngozi yake badala ya kupenya. Nosler akaunda kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hupanuka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusukuma. Alianza kukiuza mwaka 1948. Katika miaka ya 1980 vikafuata vichwa vya shaba tupu, visivyo na kiini cha madini ya risasi, ambavyo hupanuka bila kupoteza uzito.

Mabadiliko hayo yana thamani kuliko magamba yote yaliyotolewa tangu 1956. Risasi ya .375 H&H yenye kichwa cha leo hupenya kwa kutegemewa kuliko .458 yenye kichwa dhaifu cha zamani. Mwindaji anayetumia siku tatu kulinganisha majina ya magamba, kisha akanunua vichwa vya bei ya chini kabisa dukani, ameanza hesabu kwa upande usio wake.

Kwa tembo na kiboko hutumiwa vichwa vigumu visivyopanuka kabisa, kwa kuwa mfupa ni mwingi na ubongo uko ndani sana. Kwa simba na chui, wenye miili laini, huhitajika vinavyopanuka mapema. Nyati yuko katikati, na wawindaji mabingwa wengi huweka kichwa kinachopanuka kwanza, kisha vigumu nyuma yake, kwa kuwa risasi ya pili na ya tatu huelekezwa kwa mnyama anayekimbia akiwa ameonyesha mgongo.

Teke na bega

Kila nguvu inayokwenda mbele ina mwenzake anayerudi nyuma. Bunduki ya .375 H&H hupiga teke takriban mara mbili ya .30-06 inayotumiwa na wawindaji wa kawaida wa swala. Ile ya .458 Lott huzidi mara tatu. Wanaume wengi hudai kwamba wanalivumilia teke hilo. Jicho linalofumba sekunde moja kabla ya kufyatua husema vingine, na kichwa cha risasi hutua tumboni mwa nyati badala ya kwenye moyo.

Mwaka baada ya mwaka jina la Walter Bell hurudi katika mjadala huu. Mskoti huyo, aliyepewa lakabu ya Karamojo kwa sababu ya safari zake Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa risasi nyembamba za milimita saba. Alijua ubongo ulipo kwa kila upande wa kichwa cha tembo na alikuwa na mkono usiotetemeka. Wanaomtaja kama ushahidi kwamba risasi ndogo zinatosha husahau kwamba aliifanya kazi hiyo kila siku kwa miaka mingi, tena kwa ajili ya pembe, bila sheria iliyombana. Mgeni anayekuja kwa siku 10 si Bell.

Nyati aliyejeruhiwa ndiye sababu ya mjadala wote huu kuwapo. Huingia katika vichaka na kusimama kimya, akikabili njia aliyoijia. Anayemtangulia mgeni kwenye nyayo hizo ni mfuata nyayo, mara nyingi akiwa hana bunduki, akiangalia tone la damu kwenye jani. Kosa la bega la mtu mmoja hulipwa na mwingine.

Sheria, na mipaka iliyosogea

Tanzania inataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba. Kwa hiyo .300 PRC, .338 Winchester na jamaa zao, hata ziwe za kisasa namna gani, hazimhusu anayemfuata nyati. Ile 9.3x62 ya Otto Bock iko chini ya kiwango hicho kwa upungufu wa robo ya milimita hivi, na mwenye nayo sharti aulize kabla ya kusafiri. Kila mwindaji wa kitalii huandamana na mwindaji bingwa pamoja na askari wa wanyamapori, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyeuawa.

Ramani nayo imebadilika. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, jirani kabisa na Rwanda, yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ibanda na Rumanyika, mkoani Kagera, zilipandishwa hadhi wakati huo huo. Katika hifadhi za taifa hakuna kuwinda. Shughuli hiyo sasa iko mbali zaidi na mpaka, katika maeneo kama Moyowosi, Maswa, Rungwa na sehemu ya Selous iliyobaki kuwa pori la akiba. Kenya ilikwisha kupiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977.

Rwanda imechagua njia ya picha badala ya risasi. Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilikuwa na eneo la uwindaji la Mutara ubavuni mwake. Baada ya 1994 ardhi kubwa ilitolewa kwa wakimbizi waliorejea, na mwaka 1997 hifadhi ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu. Simba saba waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, vifaru weusi 18 mwaka 2017, na vifaru weupe 30 mwaka 2021. Uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi ulikamilika mwaka 2013, na mapambano kati ya wanyama na wanakijiji yakapungua. Viboko wa mabwawa na mito wasiozuiwa na uzio bado huua watu na kula mazao, na waathirika hudai fidia kupitia Mfuko Maalumu wa Dhamana uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Sanduku lisilofika

Mashirika ya ndege huruhusu abiria kusafirisha risasi zisizozidi kilo tano, kwa kifurushi kilichotengwa na bunduki. Kwa .375 hizo ni takriban risasi 100, nyingi kuliko mtu anavyohitaji katika safari moja. Tatizo si wingi. Sanduku la bunduki linaweza kufika Dar es Salaam au Kilimanjaro siku moja na mwenyewe, huku lile la risasi likibaki Doha au Amsterdam.

Hapo ndipo mzee wa 1912 huwaacha wajukuu wake nyuma. Karibu kila kambi ya uwindaji Tanzania ina boksi la .375 H&H mahali fulani, lililoachwa na mgeni wa mwaka uliopita au lililowekwa na mwindaji bingwa kwa ajili ya bunduki yake. Mara nyingi hupatikana pia .458 Winchester na .416 Rigby. Ile .375 Ruger, pamoja na ubora wake wote, huenda ikalazimu mtu atume gari mjini na kungoja. Mwenye magnamu nene ya mwaka 2000 ataazimwa bunduki ya kambi, na bunduki hiyo, kwa kawaida, huwa ni .375 H&H.